Balungi, chungwa au mbegu ya mchicha: skeli ipi ya kuonyesha ukubwa wa nyota, sayari na miezi?

Mara ya kwanza nilipoupanga mfumo wa Jua kwenye uwanja wa mpira wa skuli, kuku aliila Dunia.

Nilikuwa nimeweka balungi kwenye mstari wa goli, nikapima mita 15 kwa utepe, nikalaza punje moja ya ulezi juu ya kipande cha karatasi, kisha nikaenda kuwaita watoto. Tuliporudi karatasi ipo, Dunia haipo, na kuku wa jirani ameshika njia ya kwenda Mirihi. Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sikukasirika. Ubaoni nilikuwa nimewaandikia kipenyo cha Dunia, kilomita 12,742, na cha Jua, kilomita 1,392,000 hivi, nao wakazinakili tarakimu zile kama mtu anavyonakili namba ya simu asiyokusudia kuipiga. Kuku ndiye aliyewaonyesha.

Tangu siku ile nimejaribu skeli tatu, na walimu wenzangu pamoja na wazazi huniuliza niwashauri ipi. Siwezi kujibu kabla sijajua mtoto anataka kuona nini. Ukubwa wa Jua, udogo wa Mwezi, masafa yaliyo kati yao na nyota nyingine za mbali havikai ndani ya skeli moja. Ukishika kimoja, kingine kinakuponyoka. Ninachokitaka kwa skeli yoyote ni kwamba isinifiche kilichoniponyoka.

Bango la ukutani linaficha. Ninalo moja darasani, la karatasi ya kung'aa, limezipanga sayari nane kwa mstari kama watoto wa picha ya kumaliza skuli. Jua limechungulia pembeni kama kipande cha tikiti. Mshtarii ni mara 11 ya upana wa Dunia. Nilipopima kwa rula kwenye bango nikapata mara nne. Neptuni iko sentimita chache kutoka Zohali. Simlaumu sana mchoraji. Tuseme Dunia angeichora kwa sentimita 1.3, ionekane vizuri kutoka dawati la nyuma. Mshtarii ungekuwa sentimita 14, sawa, unaenea. Jua lingekuwa mita 1.4, urefu wa mtoto wa darasa la sita. Na Neptuni ingebidi akaichore umbali wa kilomita 4.5 kutoka kwenye Jua hilo. Basi alifanya alichoweza, ila hakuandika popote kwamba masafa ameyatupa, na mtoto akakua akiamini sayari zinasuguana mabega.

Jambo moja kuhusu majina kabla sijaendelea, maana limeshanigombanisha na wazazi. Sayari iliyo karibu zaidi na Jua naiita Utaridi, na ile yenye pete naiita Zohali, kama walivyoziita Waarabu. Vipo vitabu vya skuli vinavyoiita ya kwanza Zebaki, vikampa Pluto jina la Utaridi, na jina la Zohali vikalihamishia kwa Uranusi. Mtoto akija na orodha nyingine msimfute kosa. Mwulizeni tu anakusudia ipi.

Uwanja wa mpira

Hapa milimita moja ni kilomita 10,000. Jua linapata sentimita 14, ambalo ni balungi la wastani pale sokoni Darajani. Dunia ni milimita 1.3, yaani punje ya ulezi, na Zuhura ni punje nyingine ndogo kidogo tu. Mirihi ni nusu ya punje. Mimi niliikata kwa wembe. Mshtarii ni gololi ya milimita 14, Zohali ni shanga ya milimita 12. Uranusi na Neptuni ni pilipili manga mbili, milimita 5 kila moja. Mwezi wetu ni chembe ya chumvi.

Kilichonifanya niipende skeli hii ni mistari ya uwanja. Uwanja rasmi una mita 105, na ukiliweka balungi kwenye mstari wa goli, mistari inaangukia karibu kabisa na mahali pa sayari. Utaridi iko mita 5.8, nje kidogo ya boksi dogo la mita 5.5. Zuhura iko mita 10.8, na nukta ya penalti ni mita 11. Dunia iko mita 15, ndani ya kumi na nane, ambayo kwa mita ni 16.5. Mirihi inasimama mita 23 kutoka golini. Kutoka hapo hadi karibu na mstari wa kati ndiko yalikotawanyika mawe ya asteroidi, na wala usihangaike kuyaweka, hayataonekana. Mshtarii uko mita 78, umeshavuka kati, uko kwa mabeki wa timu pinzani. Zohali, mita 143, imetoka nje kabisa nyuma ya goli la pili. Uranusi iko mita 287. Neptuni iko mita 450, na kwetu sisi inaangukia kwa muuza urojo, ambaye tulimwachia pilipili manga yake aichunge.

Viwanja vingi vya skuli ni vifupi kuliko hivyo, na mistari ya jivu huchorwa kwa kukisia. Chukua utepe wa fundi, usiamini mistari.

Mtoto anayetembea kutoka balungi hadi pilipili manga anaelewa kitu ambacho sijaona kitabu kikimwelewesha: kwamba mfumo wa Jua ni uwanja mtupu. Ukikusanya vyote ulivyoviweka, ukiacha balungi lenyewe, vinaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Huko kwa muuza urojo ukigeuka kutazama nyuma, balungi hulioni tena.

Halafu waonyeshe Mwezi. Chembe ya chumvi inakaa sentimita 3.8 kutoka kwenye punje ya ulezi, upana wa vidole viwili. Wanaanga wa Apollo, kati ya 1968 na 1972, walisafiri vidole viwili hivyo, na safari ya kwenda ilichukua siku tatu hivi. Watoto wanatazama vidole vyao, kisha wanatazama nukta ya penalti. Usiseme kitu hapo.

Udhaifu wake nao hautaniwi. Miezi na sayari ndogo zinageuka vumbi. Ganimedi, mwezi mkubwa kuliko yote, na Utaridi, sayari ndogo kuliko zote, hapa zote ni nusu milimita, nani atazitofautisha? Upepo wa kusi ukivuma, mfumo mzima unahama. Na kuku, nimeshasema. Siku hizi punje naigandisha kwa gamu kwenye kadi, na kadi naifunga kwenye kijiti.

Chungwa mezani

Skeli ya pili ni ya darasani au hata sebuleni. Dunia ni chungwa la sentimita 7, hivyo milimita moja ni kilomita 182. Kwa kukutana uso kwa uso na miezi na sayari za mwamba, sijapata iliyo nzuri kuliko hii.

Zuhura ni chungwa la pili. Huwezi kulichagua kwa macho, tofauti haifiki milimita nne. Mirihi ni ndimu ya sentimita 3.7. Watu wengi wazima hushangaa hapa. Mirihi inazungumzwa sana siku hizi, na kichwani mwa wengi imeshakuwa ndugu pacha wa Dunia, kumbe ni nusu ya upana wake. Utaridi ni kungumanga ya sentimita 2.7. Mwezi wetu, kilomita 3,474, ni kunazi la sentimita 1.9. Pluto ni gololi ndogo, sentimita 1.3, ndogo kuliko Mwezi wetu kwa mbali.

Sasa leta miezi ya sayari majitu. Ganimedi wa Mshtarii ana kilomita 5,268 na Titani wa Zohali ana 5,150, wote wawili wanaipita Utaridi yenye 4,879. Mezani ni kungumanga tatu zinazokaribiana, na mbili zilizo kubwa ni miezi. Kalisto yuko kilomita zisizofika 60 nyuma ya Utaridi. Io ni kunazi kubwa kidogo kuliko Mwezi wetu, Europa ni kunazi dogo kidogo. Enselado, ambaye hurusha mvuke wa maji kutoka kwenye nyufa za barafu yake, ana kilomita 504 tu: punje ya mtama. Fobo wa Mirihi, kilomita 22 hivi, ni chembe ya vumbi kwenye meza hiyo hiyo.

Mtoto atauliza, na lazima aulize: kama Ganimedi ni mkubwa kuliko Utaridi, kwa nini asiitwe sayari? Hapo ndipo somo lilipo. Mwezi, sayari na nyota si majina ya saizi, kama ya nguo. Mwezi huzunguka sayari. Sayari huzunguka nyota, ina umbo la mviringo na imesafisha njia yake. Ganimedi angekuwa peke yake akilizunguka Jua angeitwa vingine. Pluto, mwaka 2006, ilipoteza cheo kwenye mkutano wa wanaastronomia huko Prague, na sababu haikuwa udogo wenyewe. Njia yake imejaa wenzake.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili. Mpe mtoto chungwa, mpe na kunazi, mwambie: weka Mwezi mahali pake. Karibu wote hulishika kunazi nusu mita kutoka kwenye chungwa, wengine sentimita ishirini. Picha za vitabuni ndizo zilizowafundisha. Mahali pake ni mita 2.1. Kati ya Dunia na Mwezi unaweza kupanga Dunia 30 kwa mstari. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho mara nyingine hupita juu yetu wakati wa magharibi kama nyota inayotembea, kiko kilomita 400 juu: milimita mbili tu kutoka kwenye ganda la chungwa. Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, ni milimita 0.03 juu ya ganda. Vishimo vya ngozi ya chungwa ni vikubwa kupita mlima wowote tulio nao.

Ukifika kwa majitu, meza inashindwa. Zohali ni kama tairi la gari dogo, na pete zake zingefika mita moja na nusu. Mshtarii ni sentimita 77, karibu tairi la Land Cruiser. Jua linakuwa mpira wa mita 7.6, nyumba ya ghorofa mbili, na lazima liwekwe mita 820 kutoka kwenye chungwa. Mimi huwaambia tu: Jua ni ule msikiti kule, mnaona? Kisha tunarudi kwenye kunazi.

Hizi hapa mbili pamoja na ya tatu, ambayo naifikia sasa hivi:

| | Kipenyo (km) | Uwanja | Chungwa | Mbegu ya mchicha |
|---|---|---|---|---|
| Mwezi | 3,474 | mm 0.35 | sm 1.9 | haionekani |
| Utaridi | 4,879 | mm 0.5 | sm 2.7 | haionekani |
| Ganimedi | 5,268 | mm 0.5 | sm 2.9 | haionekani |
| Mirihi | 6,779 | mm 0.7 | sm 3.7 | haionekani |
| Dunia | 12,742 | mm 1.3 | sm 7 | mm 0.009 |
| Mshtarii | 139,800 | mm 14 | sm 77 | mm 0.1 |
| Jua | 1,392,000 | sm 14 | m 7.6 | mm 1 |
| Betelgeuse | bilioni 1 hivi | m 104 | km 5.7 | sm 75 |

Tazama mstari wa mwisho, safu ya uwanja. Kama balungi ni Jua, basi Betelgeuse, nyota jitu, ni mpira wenye upana wa uwanja mzima, kutoka goli hadi goli. Nimewahi kuwasimamisha watoto wawili, kila mmoja kwenye goli lake, wengine wakakaa kati na balungi mkononi. Ndiyo njia pekee ya kuileta nyota jitu kwenye skeli ya balungi, na inatosha mara moja.

Mbegu ya mchicha

Kwa nyota peke yake, Jua lazima lishuke. Lifanye mbegu ya mchicha, milimita moja. Dunia hapo ina milimita 0.009, karibu sawa na seli nyekundu ya damu, zile anazozitazama fundi wa maabara anapotafuta malaria. Umeipoteza. Kubali.

Huhitaji mipira, unahitaji chaki, kamba na sakafu. Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ni milimita 1.7, mbegu nyingine ya mchicha iliyonenepa. Aldebarani ni ndimu ya sentimita 4.5. Hii watoto wetu wanaweza kuionyeshwa usiku huo huo: ni ile nyekundu inayoifuata Kilimia, na jina lake la Kiarabu maana yake ndiyo hiyo hiyo, inayofuata. Rigel, ile ya buluu kwenye kundi la Jabari, ni chungwa la sentimita 7 au 8. Kona ya pili ya Jabari yuko Betelgeuse, na hapo chungwa halikufai tena: chora duara la sentimita 75. Antares, ule moyo mwekundu wa Nge, ni sentimita 68 hivi.

Weka mbegu katikati ya duara. Katika skeli hii Dunia inazunguka sentimita 10.7 kutoka kwenye mbegu, Mirihi sentimita 16, Mshtarii sentimita 56. Duara la Betelgeuse linaenda sentimita 37.5 kila upande. Maana yake, ingewekwa mahali pa Jua, ingezimeza Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, ikaishia kwenye asteroidi kabla ya kufika Mshtarii.

Kwa nyota hizi kubwa sema "takriban", na useme kwa sauti. Kipenyo cha Betelgeuse kilikuwa cha kwanza kupimwa kati ya nyota za usiku, mwaka 1920, pale Mount Wilson huko California, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Umbali wake haujulikani sawasawa, inavimba na kunywea, na haina ukingo mkali kama wa chungwa. Inaishia kama moshi unavyoishia. Ndiyo maana video za mtandaoni zinazopanga nyota kutoka ndogo hadi kubwa kwa muziki wa ngoma huzeeka haraka. Nyingi zilimaliza na UY Scuti, mara 1,700 ya Jua. Makadirio ya karibuni yameishusha hadi kama mara 900. Zile video bado zinatazamwa.

Kuna upotofu mwingine wa video hizo unaoniudhi zaidi. Zinakimbilia majitu, mtoto anatoka akidhani Jua letu ni nyota duni. Kinyume chake! Kiasi cha robo tatu ya nyota zote ni vibete vyekundu, vidogo kuliko Jua kwa mbali, na hakuna hata kimoja tunachokiona kwa macho matupu. Usiku tunaona walio warefu tu katika umati. Jirani yetu wa karibu kabisa, Proxima Centauri, ana upana wa Mshtarii mmoja na nusu tu. Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge walitangaza nyota nyingine, EBLM J0555-57Ab, ambayo ni kubwa kidogo tu kuliko Zohali. Nyota ndogo kuliko Mshtarii, na bado nyota, kwa kuwa kitovuni inaunguza hidrojeni.

Ukubwa upi hasa?

Hapa ndipo wazazi wengi hunasa, kwa sababu swali "mara ngapi?" lina majibu matatu. Mshtarii ni mara 11 ya Dunia kwa upana, mara 1,300 kwa ujazo, na mara 318 kwa uzito. Yote ni kweli. Mtu akikwambia Dunia 1,300,000 zinaenea ndani ya Jua, anasema ujazo. Ukichukua punje nzima nzima ukazimimina ndani ya balungi lililokwanguliwa, nafasi tupu kati ya punje zitaishusha idadi chini ya milioni moja. Mtoto mmoja alitaka kuzihesabu. Nilimwachia.

Uzito ndio unaokuja kuvuruga safu yote. Zohali ni nyepesi kiasi kwamba kila lita yake ina uzito mdogo kuliko lita ya maji. Uranusi ni pana kuliko Neptuni, lakini Neptuni ni nzito zaidi. Ganimedi ni mpana kuliko Utaridi, lakini hafiki nusu ya uzito wake, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni barafu, na Utaridi imejaa chuma. Sirius ina mwenzake, Sirius B, kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuungua. Ni kidogo kuliko Dunia kwa upana, na uzito wake ni kama wa Jua. Rudi uwanjani: ni punje ya ulezi yenye uzito wa lile balungi.

Nyota za nyutroni, mabaki yaliyosongamana ya nyota kubwa zilizolipuka, ni kali zaidi, kilomita 20 hivi upana, na uzito unaozidi wa Jua. Mojawapo ya za mwanzo kugunduliwa kwa miali ya eksirei, Centaurus X-3, ilinaswa ikipigapiga kama moyo mwaka 1971 na satelaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Sijui kwa nini vitabu vyetu havitaji jambo hili kwenye kila ukurasa.

Ushauri wangu hapa ni mfupi: chagua kipenyo, ukitangaze, usibadilishe katikati ya somo. Uzito uweke siku nyingine.

Ya bure kabisa

Ukiwa huna balungi wala utepe, nyoosha mkono usiku wa mwezi mpevu na uufunike Mwezi kwa kidole cha mwisho. Kinaufunika na kubaki, kwa sababu kidole hicho kina upana wa nyuzi moja hivi ya pembe, Mwezi nusu nyuzi. Jua nalo lina nusu nyuzi, ila hilo tusilipime kwa macho abadan. Jua ni pana mara 400 ya Mwezi na liko mbali karibu mara 400, ndiyo sababu vinalingana angani. Tarehe 3 Novemba 2013, pale Pakwach nchini Uganda, Mwezi ulilifunika Jua lote. Tarehe 1 Septemba 2016, pale Rujewa mkoani Mbeya, ulishindwa: ulikuwa mbali kidogo, ukaacha pete ya moto pembeni. Njia hii haifundishi ukubwa wa kweli. Inafundisha kwa nini macho hayatoshi, na kwa darasa la kwanza na la pili ningeanza nayo hiyo.

Kwa wakubwa zaidi, ukiwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40, nenda uwanjani na usiongeze kitu. Ukiwa mzazi, mvua inanyesha na mtoto mmoja amekukalia juu ya miezi, ni chungwa. Mbegu ya mchicha niwekee kwa darasa la saba na kuendelea, jioni, ili mkimaliza duara mtoke nje mkaitazame yenyewe. Anayeanza na duara la Betelgeuse anapata "haa!" kubwa siku ya kwanza, kisha sayari zinamwia ndogo mno kuzishughulikia. Nimelifanya kosa hilo mwaka mzima.

Kilichobaki ni swali ambalo kila kundi huniuliza pale kwa muuza urojo: na nyota ya pili tuiweke wapi? Kwa skeli ya balungi, Proxima ina sentimita 2.1. Ni kunazi. Kunazi lile lile lililokuwa Mwezi kule mezani, hapa ni nyota. Na umbali wake ni kilomita 4,000. Nilipolisema hilo mara ya mwisho nilitafuta mahali pa kuwatajia, nikawaambia kutoka hapa Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni karibu sawa na kufika Maskati, tena upite kidogo.

"Mwalimu," mmoja akasema, "mjomba wangu yuko Maskati."

Tulimpigia kwa spika ya simu, watoto thelathini na moja wamezunguka balungi. Mjomba alikuwa kazini, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Akauliza kunazi liwe bichi au lililoiva.